"Hiyo si historia, hiyo ni shida za watu"

Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, kikundi chetu cha historia hapa Tanga kilikaa barazani kama kawaida yake: viti vya plastiki kumi na viwili, watu saba, birika moja la chai ya tangawizi, na katibu anatafuta kalamu. Ajenda ya tatu ilikuwa yangu. Nikasema jamani, twende kwenye kambi za zamani za mkonge, tukawarekodi wazee waliobaki kabla hatujaitwa kwenye maziko yao. Kimya. Kisha mzee mmoja ninayemheshimu, na nitaendelea kumheshimu, akaweka kikombe chini akaniambia, "Mwanangu, hiyo si historia. Hiyo ni shida za watu."

Wakacheka. Katibu akaandika "limeahirishwa". Tukaingia ajenda ya nne, ambayo ilikuwa rangi ya fulana.

Ndiyo, fulana. Zitakuwa za bluu ya bahari, na mgongoni zitaandikwa "Mwacha asili ni mtumwa". Niliunga mkono hoja nikiwa nimeuma meno.

Maneno yale nimekaa nayo tangu siku ile na hayajashuka. Maana ukitaka kujua historia ya Tanga ni nini kwa mujibu wetu sisi, njoo siku tukiwa na wageni. Utaonyeshwa Boma, ile ngome ya utawala wa Mjerumani. Utaonyeshwa stesheni, na utatajiwa 1893, mwaka ambao Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa kwenda Usambara. Utapelekwa makaburini. Halafu utakalishwa chini uelezwe vita vya Novemba 1914, na hapo ujue chai itapoa: jinsi Waingereza walivyoshusha jeshi kutoka India, watu wapata 8,000, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akawapokea na askari kama 1,000 tu, na jinsi nyuki walivyochokozwa kwenye mizinga yao wakaingia vitani bila kuulizwa wako upande gani. Nyuki wale hawakosi kikao. Nyuki wa 1914 wana wasifu mrefu kuliko mwanamke yeyote wa Ngamiani, mitaa ya watu hapa mjini. Askari weusi waliopigana siku hiyo? Hao tunawataja kwa jumla, "askari", basi. Kamanda ana jina, nyuki wana sifa, askari wana wingi.

Lakini vita sivyo vilivyonikera. Kilichonikera ni mkonge.

Kila mwanachama wetu anajua kusimulia hadithi ya Hindorf: Mjerumani aliyeagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, mingi ikafia njiani, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Miche 62! Tunaijua kama tunavyojua watoto wetu. Sasa niulizeni ni watu wangapi walizikwa kwenye kambi za mashamba yaliyotokana na miche hiyo, kuanzia Pangani hadi Muheza hadi Korogwe. Au msiniulize, muulizeni katibu, labda ameliandika kwenye yaliyoahirishwa.

Tanganyika ilikuja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Kufika 1964 tulikuwa tunatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mkonge haujikati. Wenyeji wa pwani wengi walikuwa na minazi yao, mihogo yao na bahari yao, hawakuwa na haja ya kuinama kutwa nzima kwa nyapara. Basi watu wakatafutwa mbali. Wenye mashamba walifika mahali wakaunda shirika zima la kusaka vibarua, SILABU, mwaka 1944, likawa linawaleta kutoka Kigoma, kutoka Njombe, kutoka Burundi, kutoka kusini huko kwa Wamakonde. Wakapewa namba. Wakaitwa manamba.

Na wakapewa kipande, kadi ya kazi yenye visanduku thelathini. Wasomaji wa hapa mnakijua kipande, angalau mmekisikia kwa babu zenu waliokubali kusema. Unapewa ngwe yako alfajiri, ukiimaliza unawekewa alama ya siku. Usipoimaliza, siku hiyo hukuishi. Alama thelathini ndiyo mshahara, hata kama kuzipata kumekuchukua wiki sita.

Babu yangu mzaa baba alifia Ngamiani akiwa Mswahili kamili. Kanzu, kofia ya kiua, kahawa ya jioni kibarazani, na Coastal Union moyoni kiasi kwamba mwaka 1988 walipochukua ubingwa alifunga safari kwenda kumcheka jirani yake wa African Sports, ambaye hadi leo ukoo wake hautusalimii vizuri. Tulijua ametoka "bara". Bara ipi, hakuna aliyeuliza. Alipokufa, tulifungua mkebe wake wa biskuti, na chini ya risiti za kodi tukakuta vipande viwili. Karatasi ngumu, zimegeuka rangi ya chai. Kimoja kimejaa alama zote thelathini. Cha pili kimeishia kumi na tisa. Jina juu yake halikuwa la babu tuliyemzika. Lilikuwa jina la Kiha, la watu wa Kigoma, na karani alilikosea. Namba ndiyo iliandikwa vizuri.

Nikamuuliza baba, "Kumbe babu alikuwa manamba?" Baba akavitia vile vipande mfukoni akasema, "Shika adabu yako." Nyumbani kwetu neno lile lilikuwa tusi.

Ndiyo maana kicheko cha Jumamosi kiliniuma. Si kwamba wazee wetu hawajui. Nilitazama zile nyuso sita nikapiga hesabu kimoyomoyo: wanne kati yao, kwa ninavyojua, damu yao ilifika Tanga juu ya lori la vibarua. Tunajificha ndani ya Boma la Mjerumani kwa sababu kule hakuna babu wa mtu. Historia ya mawe haiwezi kukuaibisha mbele ya wakwe.

Kwa hiyo shida za watu si historia. Sawa. Kuamshwa na king'ora usiku wa manane, mwiba wa jani la mkonge kwenye jicho, mtoto kuzaliwa kambini na kuzikwa kambini, hizo ni shida. Na vita vya 1914, mtu kupigwa risasi kwenye mikoko nchi si yake, hizo ndizo raha?

Mimi nataka jambo dogo. Nataka mtu aniambie ilikuwaje siku ya ishirini. Babu alitoroka? Aliugua? Alipunjwa ngwe, akarusha maneno, akafukuzwa? Nimebaki na visanduku kumi na moja vitupu, na watu wanaoweza kunisaidia kuvisoma wamekaa chini ya miembe kwenye kambi zilizokufa, umri wao umepita themanini, na sisi tunajadili bluu.

Nitoe haki, hata kama inanikwama kooni. Watu waliojitolea wakaliokoa lile Boma la kale likawa makumbusho ya Urithi walifanya kazi ambayo mimi nisingekuwa na subira nayo. Tongoni nako, kwenye magofu, yale makaburi ya kale yapata 40 yanahitaji watu wa kuyasemea, maana nguzo zinaanguka na jiwe halijui kupiga simu. Na mgeni hulipa kuona ukuta, halipi kumsikiliza bibi akikohoa. Viti vya plastiki havijinunui. Tena vile viti alivinunua yule yule mzee aliyenichekesha watu. Nimeyasema. Tuendelee.

Na msidhani ni mkonge tu unaotuponyoka. Barabara za Ngamiani mnazijua, hazina majina, zina namba, na kila namba ilikuwa na ngoma yake. Mji huu ulitoa Black Star na Lucky Star, taarabu iliyosikika hadi Mombasa, na jirani yetu mmoja, marehemu sasa, alikuwa na daftari zima la mashairi aliloandika kwa mkono, pamoja na maelezo ya fumbo lipi lilimlenga nani. Hayo ya nani kumlenga nani ndiyo yangekuwa hazina! Alipokufa, mwezi haujaisha, nilinunua karanga za shilingi mia mbili gengeni nikaona mwandiko wake kwenye karatasi. Nilirudi mbio. Zilikuwa zimebaki kurasa nne.

Shaaban Robert tunaye pia, Machui, kaburi tunalijua. Hata yeye tunampelekea wageni kama tunavyowapeleka Boma: picha, maji ya chupa, twende.

Basi Jumanne nikaenda peke yangu. Daladala hadi Muheza, kisha bodaboda, kijana akanishusha mahali palipokuwa kambi. Nyumba za mistari bado zipo, nusu zimeezuliwa. Korona, kile kiwanda cha kusaga majani, kimebaki chuma kimoja kilichoota mti katikati. Mashamba yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, 1967, kisha nailoni ikauua mkonge sokoni, na waliokuwa hapa hawakuwa na kwao pengine pa kurudi.

Nilimkuta bibi mmoja anapepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umetumwa na serikali?"

"Hapana bibi, nimejituma."

"Kuna fidia?"

"Hakuna."

"Sasa unataka nini?"

Nikamwambia nataka anieleze. Akanitazama muda mrefu, nadhani alikuwa ananipima kama nina akili timamu, kisha akamwambia mtoto alete mkeka.

Alizungumza zaidi ya saa mbili. Alikuwa muanika singa, zile nyuzi za mkonge, tangu msichana. Alinionyesha kwa mikono yake jinsi ya kuitupa singa juu ya waya ifunguke kama nywele, na mikono ile bado inakumbuka. Aliniigizia king'ora, mbwa wa jirani akabweka. Alinitajia nyapara mmoja kwa jina na kwa jina la mama yake, na hayo siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu wapo. Nikatoa picha ya kipande cha babu kwenye simu. Kusoma hajui, lakini alivuta simu karibu, akahesabu visanduku kwa kidole. Akafika kumi na tisa, akasimama.

"Huyu aliachia hapa," akasema.

Nikauliza kwa nini mtu aachie hapo. Akacheka kidogo. "Kipande hakijai kwa mambo mengi, mjukuu wangu. Mengine ni marefu." Na simu yangu, kwa wema wake, ikazima chaji.

Kaniagiza sukari kilo mbili na tumbaku ya kunusa. Narudi Jumamosi. Katibu aniandikie udhuru.