Utepe Mmeuona, Nyayo Je?

Jumamosi nilimchukua Pamba kutoka saluni ya mbwa. Alinukia kama bibi harusi, ana utepe wa waridi shingoni, na manyoya yamepulizwa mpaka unadhani ni mbwa wawili. Nikalipa shilingi 2,500, nikashukuru, nikapiga na picha. Kufika nyumbani akaingia sebuleni mbio kama kawaida yake. Miguu ya nyuma ikamponyoka kwenye vigae, akajibwaga tumbo chini, akaserereka hadi kwenye mguu wa meza. Nikacheka. Akainuka, akateleza tena. Hapo nikaacha kucheka, nikampakata na kumpindua nitazame nyayo.

Jamani.

Manyoya yalikuwa yameota katikati ya nyayo mpaka yakazifunika, utadhani amevaa soksi za sufu. Kati ya vidole viwili vya mguu wa mbele palikuwa na donge gumu kama punje ya mahindi: manyoya, ule udongo wetu mweusi wa Kitengela unaonata kama ulimbo, na mbegu mbili za kishona nguo. Nilipolichambua nikamkuta kupe, ameshiba, hana habari na dunia. Ameogeshwa na shampuu kwa pesa yangu.

Wenye saluni, hebu tuelewane. Zile nyama nyeusi ngumu chini ya mguu ndizo breki za mbwa. Zikifunikwa na manyoya, kigae kinageuka sabuni. Kijana kama Pamba huanguka akainuka. Mzee mwenye nyonga mbovu anaweza kuumia vibaya, na hatakwambia. Tena hapo hapo ndipo mbwa hutoa jasho, kwa hiyo ukiacha msitu pale, unyevu haukauki. Ngozi inamwasha, anajilamba usiku kucha, na manyoya meupe kati ya vidole yanageuka rangi ya kutu kwa ajili ya mate. Miezi miwili nimeiona rangi hiyo nikidhani ni vumbi. Hilo ni kosa langu, nakubali.

Lakini lililonichoma zaidi ni kwamba waliosha kwanza. Donge la manyoya likilowa halilainiki, linakaza. Yeyote aliyewahi kuosha sweta la sufu vibaya anajua. Unalichambua likiwa kavu, kwa vidole na kitana, ndipo uende kwenye maji. Ukiliosha na kulipuliza kwa mashine ya moto, unalishonea mbwa kokoto kati ya vidole, halafu unamfunga utepe.

Basi nikakaa kwenye kigoda, mkasi wa ncha butu mkononi, Pamba mapajani. Nilikata yale ya chini yakawa sawasawa na nyayo, bila kuchokoa ndani kwenye mianya, maana ngozi ya pale ni laini na mbwa hushtuka. Ya juu niliyavuta kwa kitana yasimame, nikapunguza kufuata duara la mguu. Kucha zake ni nyeusi, mshipa wa ndani hauonekani, kwa hiyo nilipunguza kidogo kidogo, konflawa iko karibu ya kuzuia damu kama ingetoka. Haikutoka. Mwili sikuugusa, maana Pamba ni mbwa aina ya Spitz, ana manyoya ya tabaka mbili na hanyolewi kama kondoo.

Shangazi alikuwa mlangoni akinitazama muda wote. "Mwanangu, na hina utampaka?"

Nikamwambia akipenda achague na maua. Akasema wao walifuga mbwa miaka yote na hakuna aliyewahi kumshika mmoja mguu. Kweli. Mbwa wa shangazi alikuwa na manyoya mafupi, kutwa anatembea kwenye mawe, kucha zinajisaga zenyewe. Huyu wangu asili yake Japani, analala kwenye kochi, na ni mimi niliyemtaka hivyo alivyo.

Najua pia kuna wanaopenda miguu yenye manyoya tele, kama ndara za manyoya. Mbwa aina ya Terrier wa Tibet ana mguu mpana wa duara unaomsaidia kwenye theluji, na manyoya kati ya vidole huachwa makusudi. Sawa. Theluji ikianguka Kitengela mnipigie simu. Wenye Poodle nao hunyoa mguu mpaka vidole vyote vionekane, na hao angalau wanajua mbwa ana vidole.

Jumatatu nikaipigia ile saluni, kwa upole, nikauliza kukata manyoya ya nyayo peke yake ni pesa ngapi.

"Ah, hiyo ni bure, mama," kijana akanijibu. "Ni vile wateja huwa hawaulizi."