Nalipa dola ili mwanangu aambiwe kakosea

Juzi mwanangu kaandika "colour", programu ya spelingi ya Kiingereza kwenye simu ikamwekea kile kiuso kinacholia. Kaangalia skrini, kaniangalia mimi, akafuta u. Damu ikanichemka! Neno lilelile kwenye kitabu chake lina u, mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, leo simu inakuja kumwambia mtoto wa Nkuhungu, Dodoma, kakosea kisa mzee Noah Webster na kamusi yake ya 1828 aliamua Wamarekani waandike "color". Na hiyo nailipia, dola 12 kila mwezi, inakatwa kwenye kadi hata wiki ambayo umeme haupo.

Namfundisha nyumbani, ana miaka tisa, maneno ya majirani nishayazoea.

Haya, sio kwamba programu zote ni takataka. Kiingereza chenyewe kikorofi, herufi 26 sauti kama 44, though, through na tough ukiziangalia ni ndugu ukizisoma hawajuani, mtoto anahitaji mtu wa kumpangia. Na kama herufi zinamchanganya kweli, zile zinazofuata njia ya Orton-Gillingham, ya tangu miaka ya 1930, ambapo mtoto anaona, anasikia na anagusa herufi kwa mkono, nunua, sibishi. Hakikisha tu inakubali Kiingereza cha Uingereza. Za sarufi zote naona ni mazoezi ya kujaza nafasi zilizo wazi tu.

Kinachoniudhi ni wazazi wenzangu kuuliza eti programu gani nzuri ya spelingi ya Kiswahili. Ya nini jamani? Kiswahili unaandika unavyotamka. Mtoto akikosea ujue ndivyo anavyotamka, na katoa wapi kama sio kwetu? Wangu aliniachia kikaratasi juu ya friji: "Mama nimechukua ela ya zabibu nitaludisha." Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha aibu ikanishika, maana hiyo ela isiyo na h ni ya kwangu kabisa, ndivyo nasema kila siku nikiwa soko la Sabasaba nabishana bei ya nyanya. Hiyo l kaiokota mtaani na wenzake. Sasa programu ya Marekani itamwambiaje kwamba kalamu unaandikia na karamu unaenda kula pilau? Kwamba samani ni makochi na thamani ni bei yake?

Tumerudi kwenye kaunta buku na imla. Maneno kumi kila jioni, mimi nasoma polepole, yeye anarudia kwa sauti kwanza ndo aandike. Asiposikika vizuri haandiki. Bibi yake akija kutoka Hombolo tunampa yeye asome, ana r ya kukwaruza mpaka mbwa anageuka. Wiki ya kwanza alipata manne, mtoto akanuna, mimi nikanuna, sasa hivi nane tisa huko. Ngeli sijagusa, huyu tangu ana miaka mitatu anasema kiti hiki viti hivi hajafundishwa na mtu, nimlipie dola ajifunze tena?

Jana naandika meseji kwenye grupu la ukoo, kaja kuchungulia begani.

"Mama, halafu ina h."

Nikafuta, nikaandika upya. Anayejua namna ya kusitisha yale makato aniambie, mwezi huu wamekata tena.