Elder Scrolls Mtandaoni: Mashabiki Waliomba Rafiki, Wakapewa Umati

Katika mabanda ya PlayStation ya Kondele na Nyalenda, gemu ni mpira. Unalipia mechi, unacheza, ukifungwa unampisha aliye nyuma yako. Wapenzi wa gemu za mapanga, majoka na uchawi ni wachache, na ni vigumu kuwaona, maana wao huchezea chumbani usiku, hedifoni masikioni. Wapo katika hosteli za Maseno, wapo Njoro karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, wapo Milimani hapa Kisumu kwa wale wenye faiba nyumbani. Ukiwakutanisha wawili, hawachukui muda kabla ya kuangukia ubishi ambao sasa umepita miaka kumi: je, ilikuwa sawa kuchukua Elder Scrolls, mfululizo uliopendwa kwa sababu unacheza peke yako, na kuugeuza kuwa gemu ya mtandaoni ya maelfu ya watu?

Kwa asiyeufahamu, mfululizo huo ulianza na Arena mwaka 1994. Ikafuata Daggerfall mwaka 1996, Morrowind 2002, Oblivion 2006, kisha Skyrim iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011 na kuzipiku zote kwa umaarufu. Gemu hizi kuu zote ni za mchezaji mmoja, na zote ziko katika bara la kubuni liitwalo Tamriel. The Elder Scrolls Online ilitoka tarehe 4 Aprili 2014, na waliotengeneza Skyrim sio walioitengeneza. ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda waliotengeneza Skyrim, ilikuwa imeanzisha studio nyingine mwaka 2007 chini ya Matt Firor, mtu aliyetoka kwenye gemu ya mtandaoni ya Dark Age of Camelot. Hadithi yenyewe ilirudishwa nyuma karibu miaka elfu moja kabla ya matukio ya Skyrim, ili waandishi wawe na uwanja wao bila kuharibu ya wenzao.

Wanaoipinga kwa kawaida huanza kulalamikia kelele za watu. Uko mbele ya malkia, anakueleza habari nzito za vita, na hapo kando mgeni fulani aliyepanda mnyama anayewaka moto anarukaruka kama panzi. Ni kero kweli, lakini kwangu mimi hilo ni dogo, macho huzoea. Kilichopotea ni kingine, na kinaonekana vizuri ukikumbuka mzaha mmoja ambao kila mchezaji wa Skyrim anaujua. Unaingia dukani, unaokota ndoo, unamvisha mwenye duka kichwani. Kwa kuwa haoni, unabeba kila kitu dukani na hakuna anayepiga kelele ya mwizi. Hakuna mtu studioni aliyekaa akaupanga mzaha huo. Ulizaliwa wenyewe kutokana na kanuni mbili: kila kitu kinaweza kuinuliwa, na kila mhusika anaona kwa macho yake mwenyewe. Ukimwua mwenye duka amekufa, huenda ndugu yake akarithi duka. Ukiacha kabichi juu ya meza nyumbani kwako, utarudi uikute.

Katika Online vikombe vimegandishwa mezani kana kwamba vimechorwa. Jitu ulilolihangaikia kuliua linafufuka muda mfupi baadaye, kwa sababu mwingine amefika na yeye anataka kuliua. Haiwezekani iwe vinginevyo: mmoja akiruhusiwa kumwua mwenye duka, elfu wanaokuja nyuma yake watakosa pa kununua dawa. Wizi wenyewe ulichelewa hadi Machi 2015 ndipo ukaongezwa, tena ukiwa umefungwa kamba kila upande.

Halafu kuna suala la shujaa. Watoto wa Kano, hapa mashariki ya Kisumu, hukua wakisimuliwa habari za Luanda Magere, ambaye mkuki haukumpenya mwilini kwa kuwa nguvu zake zilikaa kivulini. Hadithi ile inasimama kwa sababu yuko mmoja tu. Hebu isimulie kukiwa na akina Luanda Magere mia tatu kwenye foleni, kila mmoja akingoja zamu yake ya kuchomwa kivuli. Ndivyo Online inavyoanza. Kila mchezaji amenyang'anywa roho yake na Molag Bal, mungu wa utumwa, na kila mchezaji anaambiwa na mzee kipofu kwamba tumaini la Tamriel liko mikononi mwake. Watengenezaji walijua hili linachekesha, ndiyo maana hadithi kuu ilibidi uifanye peke yako. Matokeo yake mwaka 2014 yalikuwa ya ajabu: marafiki wawili waliolipia gemu ya mtandaoni ili wacheze pamoja, mmoja akitangulia hatua chache katika misheni, walikuwa hawaonani tena ingawa wamesimama mahali pamoja. Aliyetaka upweke akapata kelele, na aliyetaka wenzake akapata upweke.

Lakini anayeihukumu Online kwa mwaka wake wa kwanza anaionea. Machi 2015 ada ya lazima ya kila mwezi iliondolewa. Oktoba 2016 likaja badiliko lililoitwa One Tamriel, na naliona kubwa kuliko nyongeza yoyote iliyofuata: mipaka kati ya miungano mitatu, kambi ambazo kila mchezaji huchagua moja, ikaondolewa, nguvu za mchezaji zikalinganishwa na za maadui popote alipo, na ghafla ukawa unaweza kutoka mjini ukashika njia yoyote uitakayo, kama ulivyozoea katika Skyrim. Mwaka 2017 kisiwa cha Vvardenfell, kile cha gemu ya Morrowind, kikarudishwa, 2018 visiwa vya Summerset, 2019 Elsweyr, nchi ya Wakhajiit wenye sura za paka. Shabiki aliyekuwa akisoma habari za nchi hizo katika vitabu vya ndani ya gemu tangu ujana wake sasa angeweza kuzitembelea. Tena kila mhusika anazungumza kwa sauti, hata mkulima mwenye shida ya mbuzi aliyepotea. Sauti ya yule mzee kipofu ni ya Michael Gambon. Kwa uandishi wa misheni ndogondogo, nathubutu kusema Online inaishinda Skyrim, ambayo nusu ya kazi zake ni kutumwa pangoni ukalete kitu.

Angalia basi kilichoiokoa. Kila ilipokaribia kuwa gemu ya mtu mmoja, ilipendwa zaidi. Wapo wengi walioicheza miaka kwa miaka bila kujiunga na kundi lolote, wakiwachukulia wachezaji wengine kama wapita njia sokoni.

Je, hiyo ina maana kwamba mashabiki hawakutaka wenzao kabisa? Hapana. Mwaka 2022 kikundi cha mashabiki kilitoa Skyrim Together Reborn, nyongeza isiyo ya kampuni inayokuwezesha kucheza Skyrim yenyewe pamoja na marafiki wachache. Watu walijitolea miaka ya kazi bila mshahara kutengeneza kitu hicho. Haja ilikuwepo, na ilikuwa ya rafiki mmoja, wawili, watatu: dunia ileile, ndoo ileile, na mtu wa kucheka naye mwenye duka akivishwa. Rafiki anayecheza nawe kwenye kompyuta zenu wenyewe, hata hivyo, hamlipii mtu kodi. Umati unahitaji seva, seva ina mwenyewe, na mwenyewe ana duka.

Hapo ndipo pesa zinapoingia. Ada ya mwanzo ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi, kama shilingi 1,300 kwa bei ya dola ya wakati ule, juu ya bei ya gemu yenyewe. Ilipoondolewa kama lazima ilibaki kama hiari, ila hiari yenye mtego: anayelipa anapewa mfuko wa malighafi usiojaa, na asiyelipa anashinda akipangua mizigo yake. Mwishoni mwa 2016 yakaongezwa masanduku ya bahati nasibu. Sina la kuyatetea. Nchi hii tayari ina vijana wanaopoteza nauli kwenye kamari, na sioni kwa nini hadithi ya majoka nayo ifundishe mkono uleule kubonyeza.

Ila tuwe wakweli upande wetu pia. Skyrim ilivyosambaa katika hosteli za Kenya Magharibi, wengi hawakuilipia hata senti. Toleo la 2011 lilihitaji GB 6 tu za nafasi, likaingia kwenye flashi, flashi ikapita chumba hadi chumba. Gemu inayokaa kwenye seva hainakiliwi hivyo. Kampuni iliyoona hivyo duniani kote ilikuwa na sababu ya kibiashara iliyo wazi, na sisi tulichangia kuipa sababu hiyo.

Kuna hoja nyingine inayorudiwa sana: kwamba Online ndiyo iliyochelewesha Elder Scrolls ya sita, iliyotangazwa Juni 2018 na ambayo bado inangojwa. Hii siikubali. Studio ni mbili tofauti. Waliotengeneza Skyrim walikuwa na Fallout 4 mwaka 2015, Fallout 76 mwaka 2018 na Starfield mwaka 2023. Ratiba hiyo peke yake inatosha kueleza uchelewaji. Hata hivyo hofu yenyewe haikutoka hewani. Warcraft III ilitoka mwaka 2002, World of Warcraft ya mtandaoni ikafuata 2004, na Warcraft ya nne haijawahi kuonekana. Ultima Online ilitoka 1997, na mfululizo mkuu wa Ultima ukafika mwisho na gemu ya tisa mwaka 1999. Wenye kampuni hawakosi kuona kwamba gemu moja inayolipa kila mwezi ni rahisi kuitunza kuliko kuhatarisha mamilioni kwa gemu mpya kila baada ya miaka kadhaa.

Sasa tutazame hili tukiwa tumekaa hapa, kwa sababu mjadala mwingi wa gemu huendeshwa na watu walio karibu na seva. Online ina seva Amerika Kaskazini na Ulaya; Afrika haina. Ukibonyeza kitufe cha kukinga ukiwa Kisumu, amri yako inapita Nairobi, inashuka Mombasa, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari na kusafiri hadi Ulaya, kisha jibu linarudi njia hiyohiyo. Mara nyingi inachukua milisekunde 150 au zaidi, na kwa intaneti ya simu jioni, watu wote wakiwa mtandaoni, zaidi ya hapo. Katika misheni za kawaida hutaona tofauti. Ingia Cyrodiil, uwanja ambapo wachezaji hupigana wao kwa wao, utajikuta umekufa kabla hujaona rungu likiinuliwa.

Ongeza ukubwa wa faili, ambao kwa Online ni kama GB 100 au zaidi, na masasisho yasiyokwisha. Kwa mwenye faiba Milimani ni usiku mmoja wa kungoja. Kwa anayenunua bando kule Mumias au Siaya, hesabu yake inakataa kabla hajafungua gemu. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ilikwenda kwa kuchechemea kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na Skyrim kwenye laptopu hakujua kitu. Stima ikipotea pia, betri ya laptopu ina saa zake mbili tatu, lakini rauta inazima papo hapo.

Na bado kuna jambo ambalo Online inampa mtu wa huku ambalo Skyrim haiwezi. Mpenzi wa gemu hizi aliyeko Nakuru anaweza kukaa mwaka bila kukutana na mwenzake anayejua Khajiit ni nini. Mtandaoni anaingia kwenye chama, anakuta Mpolandi, anakuta mtu wa Afrika Kusini mwenye pingamizi lilelile la seva za mbali, na wanazoeana. Anayeidharau faida hiyo pengine anaishi mahali ambapo hajawahi kuikosa.

Fallout 76, gemu nyingine ya mtandaoni, ya waliotengeneza Skyrim, inasaidia kupima mambo. Ilikuwa na wachezaji kama 24 tu katika dunia moja, idadi iliyo karibu zaidi na kile mashabiki walichoomba, ikaanguka vibaya mwaka 2018. Walikuwa wameondoa wahusika wote wa kibinadamu, wakitumaini wachezaji wangekuwa hadithi wao kwa wao. Aprili 2020 wahusika wakarudishwa na gemu ikapata pumzi. Idadi ndogo ya watu peke yake, basi, haitoshi; dunia lazima iwe na wenyeji wake.

Kwa hiyo, ilipaswa kutengenezwa? Naona ndiyo, kwa sababu imetuonyesha Tamriel ambayo gemu za mtu mmoja zingechukua miaka hamsini kuifikia. Ninachokataa ni kuitwa mrithi wa Skyrim, na ninachokihofia ni siku ya kufunga. Kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake ya magari, The Crew, mwisho wa Machi 2024 na walioinunua wakabaki na kasha tupu; hasira hiyo ikazaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyopita saini milioni moja Ulaya mwaka 2025. Julai ya mwaka huohuo Microsoft, inayoimiliki ZeniMax tangu 2021, ilipunguza wafanyakazi, ikafuta gemu mpya iliyokuwa ikitengenezwa na studio ya Online, na Matt Firor akaondoka. Seva za Elder Scrolls Online zilibaki wazi, lakini kila mwenye mhusika humo alipiga hesabu yake kimoyomoyo.

Matakwa yangu yanatekelezeka. Misheni nyingi za Online tayari zinachezwa na mtu mmoja, na kila kitu hadi vikombe vilivyogandishwa kimeshatengenezwa. Kabla seva kubwa haijazimwa, wapenzi wapewe ndogo ya kuendesha wenyewe, ya watu wanne, Nakuru au Busia, popote walipo. Mapango ya vikundi katika gemu hiyo yalipimwa kwa watu wanne tangu siku ya kwanza.