Futeni OD, Lakini Glakoma Ibaki

Cheti cha dawa kikiandikwa OD, kinasema nini? Kwa daktari wa macho ni jicho la kulia, kutoka Kilatini oculus dexter. Kwa daktari wa magonjwa mengine, na kwa wauguzi wengi, ni mara moja kwa siku. Maana zote mbili zinatumika hadi leo, na anayetoa dawa hubaki kukisia ipi iliyokusudiwa. ISMP, taasisi ya Marekani inayofuatilia makosa ya dawa, imeiingiza OD katika orodha yake ya vifupisho vya hatari, na sababu iliyotajwa humo si ya kinadharia: dawa ya maji ya kunywa mara moja kwa siku huweza kuishia kudondoshewa jichoni.

OD ina ndugu zake. OS ni jicho la kushoto, OU ni macho yote mawili. Masikio nayo yana watatu wao, AD, AS na AU, A ikiwa ni ya auris, yaani sikio. Sasa fikiria mwandiko wa haraka. O isiyofungwa vizuri inageuka A, A iliyojaa wino inageuka O, na dawa imeshahama kutoka sikioni kwenda jichoni bila mtu yeyote kufanya uzembe wa kuonekana. Ninachoshindwa kuelewa ni kitu gani kinachookolewa. "Jicho la kulia" ni maneno matatu. Hata daktari mwenye foleni ndefu mlangoni ana nafasi ya maneno matatu.

Tena upande ni jambo ambalo binadamu hulikosea hata bila vifupisho, kwa kuwa daktari na mgonjwa huketi wakitazamana, na kulia kwa mmoja kuko mkono wa kushoto wa mwenzake. Wanaopima usikivu walilimaliza tatizo hili zamani. Kwenye chati yao, duara jekundu ni sikio la kulia na msalaba wa buluu ni sikio la kushoto. Hakuna Kilatini, na hata asiyejua kusoma anaweza kuelekezwa akaelewa. Sioni kwa nini vyeti vya dawa vishindwe kufika hapo.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya kujaza karatasi, tone ni tone. Hapana. Dawa ya macho hutengenezwa ikiwa safi kabisa, isiyo na kijidudu hata kimoja, na kiwango chake cha asidi husogezwa karibu na kile cha machozi. Dawa ya masikio haina ulazima huo. Mfereji wa sikio umefunikwa ngozi, kwa hiyo dawa yake inaweza kuwa na asidi, spiriti au viyeyusho ambavyo ngozi huvumilia, na ambavyo vikigusa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, vinaiunguza. Ndiyo maana daktari anaweza kukuagiza udondoshe dawa ya macho sikioni, na akawa na sababu nzuri kabisa, lakini kinyume chake hakifanywi. Mojawapo ya sababu hizo nzuri ni ngoma ya sikio iliyotoboka: baadhi ya antibiotiki za matone, kama jentamaisini, zikipenya hadi sikio la ndani zinaweza kuharibu usikivu wenyewe, hivyo daktari huchagua tone la macho lisilo na madhara hayo. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa chupa yenye picha ya jicho kwa ajili ya sikio lake ana haki ya kushangaa, na ana haki ya kuelezwa. Kwenye kibandiko chenyewe ni balaa jingine. Mzizi wa Kigiriki wa sikio ni oto, wa kuona ni opto. Herufi moja tu, p, ndiyo inayolinda jicho.

Hadi hapa naonekana mtetezi wa Kiswahili kitupu kila mahali. Siyo. Kuna jina moja la Kiswahili ambalo ningelistaafisha kesho, nalo ni presha ya macho, ugonjwa ambao daktari huuita glakoma.

Kosa lake ni kwamba linaeleweka upesi mno. Presha kila mtu anaijua: unafungwa mpira mkononi, unasomewa 120 kwa 80, unapunguza chumvi, unameza kidonge. Akisikia ana presha ya macho, mtu mwenye akili zake huunganisha mambo: ile presha imepanda mpaka machoni, basi nikimeza vidonge vyangu vizuri itashuka kote. Lakini shinikizo linalosemwa hapa si la damu. Ni la maji yanayotengenezwa ndani ya jicho na kutoka taratibu kupitia vijitundu vilivyo kwenye pembe, pale konea inapokutana na irisi, lile duara lenye rangi. Njia ya kutokea ikiziba au ikilegea kufanya kazi, maji hujazana na kukandamiza. Shinikizo hilo hupimwa kwa milimita za zebaki, na kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21. Damu yako inaweza kuwa sawasawa na jicho likawa linaangamia.

Baya zaidi, shinikizo lenyewe si ugonjwa. Ugonjwa ni kufa kwa neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Kuna watu ambao neva hiyo inakufa huku shinikizo la jicho likisomeka 15, kiwango ambacho hakuna atakayekitilia shaka. Kuna wengine wana 25 na neva yao haina kasoro. Mwambie wa kwanza kwamba ugonjwa wake unaitwa presha ya macho, kisha mpime, umwoneshe 15. Atakwenda zake nyumbani akiwa amepona kwa hesabu zake. Na kwa kuwa glakoma nyingi haziumi, na huanza kula pembezoni mwa uwanja wa kuona huku katikati pakibaki angavu, hatakuwa na cha kumrudisha hospitali mpaka aanze kujigonga kwenye fremu za milango. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi, kwa dawa wala kwa kisu.

Mkanganyiko unaongezwa na dawa yenyewe. Timololi, tone linalotumika sana kwa glakoma, ni ya ukoo mmoja na baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu. Kiasi chake hupita kwenye mfereji wa machozi, kikaingia puani na kwenye damu, kikapunguza mapigo ya moyo na kubana kifua cha mwenye pumu. Mwenye pumu asiyemwambia daktari kwa sababu "hii ni dawa ya macho tu" anajiweka hatarini. Hapa napendelea neno la kigeni hasa kwa sababu halina maana nyingine. Glakoma haikukumbushi kitu chochote, kwa hiyo unalazimika kuuliza ni nini. Kuuliza ndiko tunakokutaka.

Mtoto wa jicho, kwa upande mwingine, sina ugomvi naye. Ni jina zuri, halidai kueleza chanzo, na linasimama kwa jambo moja: lenzi ya jicho imeingia ukungu. Wazungu wao walikosea zaidi. Waliuita ugonjwa huu kwa neno la Kilatini lenye maana ya maporomoko ya maji, wakiamini kuna maji machafu yanayoshuka kutoka kichwani na kuganda mbele ya lenzi. Imani hiyo ilidumu karne nyingi, mpaka Mfaransa Michel Brisseau alipopasua jicho la maiti mwaka 1705 akakuta ni lenzi yenyewe iliyofifia. Ninachokipinga ni maneno yaliyoambatana na mtoto huyo, kwamba lazima akomae ndipo atolewe. Ushauri huo ulikuwa na mantiki zamani, lenzi ilipotolewa nzima nzima. Tangu Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya bandia ya kwanza jijini London mwaka 1949, na mbinu ya kuivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti ilipoanza miaka ya 1960, kungoja kumekosa maana. Siku hizi upasuaji hufanywa pale ukungu unapomzuia mtu kufanya shughuli zake. Na hapa ndipo majina mawili yanapogongana kwa ubaya: mzee anaambiwa na jirani kwamba kuona kwake kwa ukungu ni mtoto wa jicho, asubiri akomae, kumbe ana glakoma. Mwenye mtoto wa jicho angesubiri mwaka na asipoteze kitu kisichorudishika. Mwenye glakoma kila mwezi anapoteza.

Majina ya sehemu za jicho ningeyaacha yalivyo, konea, retina, uvea, ijapokuwa nyuma yake kuna mambo ya kufurahisha kwa msemaji wa Kiswahili. Waganga wa Kigiriki walivipa vitu hivi majina ya vitu vya kawaida, wanazuoni kama Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad wakayatia katika Kiarabu karne ya 9, na baadaye yakapinduliwa kuwa Kilatini. Konea ni pembe, kwa ugumu na ung'avu wake. Retina, utando wa nyuma unaopokea picha, ni wavu, na Waarabu wanaiita kwa neno lililo ndugu wa shabaka. Uvea, tabaka la kati la jicho, ni zabibu, kwa kuwa ukiibandua jichoni inafanana na zabibu nyeusi iliyong'olewa kikonyo. Mtu akijua hayo, uveitisi haimtishi tena: -itisi ni uvimbe wenye joto na maumivu, kwa hiyo zabibu imewaka. Mwisho wa neno tayari umekueleza nusu ya habari.

Namba nazo ni istilahi, ingawa hatuzihesabu hivyo. Ukiandikiwa 6/60 usifanye hesabu ya sehemu ukadhani jicho lako lina asilimia kumi. Maana yake ni kwamba herufi unayoiona ukiwa umbali wa mita 6, mwenye macho mazuri anaiona akiwa mita 60. Wamarekani huandika 20/200, wakipima kwa futi, na ni kitu kile kile. Shirika la Afya Duniani humwita kipofu mtu ambaye jicho lake bora, akiwa na miwani yake, halifikii 3/60, na hapo ndipo neno letu kipofu linapoachana na la daktari. Kwetu kipofu haoni kitu. Kwenye faili, kipofu anaweza kuwa mtu anayetembea peke yake na kuhesabu vidole ukimnyooshea karibu. Wapo wa aina hiyo wanaokataa barua ya huduma za wasioona kwa sababu wanaona wametukanwa.

Sikio lina maneno machache, lakini yaliyopo yana uzito usiolingana. Mifupa mitatu ya sikio la kati tunaiita nyundo, fuawe na kikuku, na majina hayo hayana kasoro. Kisha tunafika kwenye kutosikia, na ghafla lugha inabana: kiziwi, basi. Aliyezaliwa hasikii, aliyezibwa na nta, aliyetobokwa ngoma ya sikio, aliyezeeka, aliyefanya kazi miaka mingi penye mashine, wote wanaingizwa kwenye neno hilo moja, na wengi wanalikimbia kwa kusema hawana tatizo. Daktari hutofautisha kwanza mambo mawili. Ama sauti haifiki ndani, kwa sababu njia imezibwa au mifupa haitikisiki, ama inafika na sikio la ndani au neva haiipokei. La kwanza mara nyingi hutibika, pengine kwa kutoa nta tu. La pili kwa kawaida huhitaji kifaa. Ukubwa wa tatizo hupimwa kwa desibeli, yaani sauti iwe kubwa kiasi gani ndipo isikike. Kwa mpangilio ambao Shirika la Afya Duniani linautumia, anayesikia sauti ya chini ya desibeli 20 hana upungufu, kutoka 35 ni upungufu wa wastani, na 80 kwenda juu ni mkubwa sana. Nani aliyesema mwenye 35 na mwenye 90 wana ugonjwa mmoja?

Neno ninalolihofia zaidi kuliko kiziwi, hata hivyo, ni lile tunalolitumia bila kufikiri: sikio limeziba. Mtu anaamka asubuhi, upande mmoja hausikii, pengine unavuma, anasema limeziba. Kilichoziba huzibuka, kwa hiyo anasubiri. Anatia mafuta, anachokonoa, wiki inapita. Lakini usikivu unaopotea ghafla kwa sababu ya neva, ndani ya siku tatu au chini yake, ni dharura. Tiba yake ya kawaida ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na nafasi ya kupona hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Tiba ikianza baada ya wiki mbili, msaada wake huwa mdogo.

Kutofautisha hakuhitaji mashine kubwa. Daktari hugonga uma wa chuma unaolia na kuuweka katikati ya paji la uso, kipimo kinachobeba jina la Mjerumani Ernst Heinrich Weber. Sauti ikivutwa upande wa sikio bovu, njia ndiyo iliyozibwa. Ikikimbilia sikio zima, neva ndiyo yenye kasoro. Ni kipimo cha nusu dakika, lakini atakifanya akiwa na sababu ya kukifanya. Ukimwambia limeziba, atatafuta nta. Mwambie hivi: nimeacha kusikia sikio la kushoto tangu jana alfajiri.