Masafa ya redio: kila nchi ina uhuru wake, chipu haziwasubiri

Desemba 2023, baada ya karibu wiki nne za mvutano mjini Dubai, Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio ulimalizika kwa hati ambayo kila kambi iliondoka nayo ikidai imeshinda. Kilichokuwa kikigombaniwa zaidi ni kipande cha masafa kati ya megahezi 6425 na 7125. Kampuni za simu zilikitaka kwa mitandao ya 5G na ile itakayoirithi, na watengenezaji wa vifaa vya Wi-Fi walikitaka kibaki wazi, kitumike bila leseni. Mkutano ukakitenga kwa simu katika Kanda ya 1, yaani Ulaya, Afrika, sehemu kubwa ya Mashariki ya Kati na nchi zilizokuwa Muungano wa Kisovieti. Kisha hati hiyohiyo ikatambua kwamba bendi hiyo hutumiwa pia na Wi-Fi.

Marekani haikungoja. Tangu 2020 ilikuwa imezikabidhi kwa Wi-Fi megahezi 1200 zote, kuanzia 5925 hadi 7125. China, miezi michache kabla ya Dubai, iliamua kinyume na kuzielekeza 700 za juu kwenye simu. Iliyonichekesha ni Brazil: mwaka 2021 ilifungua bendi nzima kwa Wi-Fi, halafu Dubai ikaandikisha jina lake kwenye tanbihi ya nchi zinazotaka sehemu ya juu iwe ya simu.

Anayeutazama mkutano huo kwa jicho la wasiwasi atauliza: basi uratibu wote huu wa kimataifa ni wa nini, ikiwa wakubwa huamua kabla ya kikao na wengine hugeuka katikati? Ni swali la haki, na jibu lake si jepesi kama watetezi wa mfumo wanavyopenda kulitoa.

Kwanza tujue mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Kanuni za Redio ni mkataba wa kimataifa unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lenye makao yake Geneva, na hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu au minne. Kiini chake ni jedwali refu linaloonyesha, kwa kila kipande cha masafa na kwa kila kanda kati ya tatu za dunia, huduma ipi ina haki ya kwanza na ipi ni mgeni tu. Chini ya jedwali kuna tanbihi, na humo ndimo siasa zilimo. Nchi isiyokubaliana na wenzake huandikisha jina lake humo na kupata ruhusa ya kufanya tofauti. Zaidi ya hayo, kifungu cha 4.4 kinairuhusu nchi kutumia masafa yoyote nje ya jedwali, mradi isiwasumbue wanaofuata utaratibu na isidai kulindwa nao. ITU haina polisi wala faini. Kwa miaka mingi Slovenia, Croatia, Malta na majirani wengine wameishtaki Italia kwa vituo vyake vya FM vinavyoingilia vya kwao. Shauri hilo limerudi kikao baada ya kikao, na silaha pekee iliyotumika ni kuiaibisha Italia mbele ya wenzake.

Kwa hiyo wanaosema ITU huzipora nchi uhuru wao wanalenga penye kivuli. Uhuru upo tele. Ninachohoji mimi ni thamani ya uhuru huo pale kiwanda cha simu kinapoamua chipu yake ipokee bendi zipi.

Historia ya mambo haya ilianza na kisa kisichopendeza. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Marconi iliwakataza waendeshaji wake kupokea ujumbe kutoka mitambo ya washindani. Mwaka 1902 Prince Heinrich, ndugu yake mfalme wa Ujerumani, alikuwa akirejea kutoka Marekani ndani ya meli iliyofungwa mitambo ya Kijerumani. Inasimuliwa kwamba alipotaka kumtumia Rais Roosevelt salamu za shukrani, kituo cha Marconi pwani kilikataa kuzipokea. Mwaka 1906 mataifa yalikutana Berlin na kuandika kwamba kituo cha pwani na meli lazima zipokeane ujumbe bila kujali mitambo ni ya nani. Tangu hapo suala la masafa na suala la viwango vimekwenda sambamba: hakuna maana ya kupanga nani atumie wimbi gani ikiwa wawili walio kwenye wimbi moja hawaelewani.

Upande wa kutetea uratibu una ushahidi wake mkubwa, nao ni GSM, mfumo wa simu za mkononi uliozaliwa Ulaya. Mwaka 1982 mashirika ya posta na simu ya Ulaya yaliunda kikundi cha kubuni mfumo mmoja wa simu za mkononi. Mwaka 1987 nchi 13 zilitia saini makubaliano ya kuutumia, na Jumuiya ya Ulaya ikatenga masafa ya megahezi 900 kwa ajili yake. Simu ya kwanza ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Kilichofuata kilitokana zaidi na wingi kuliko ubora wa uhandisi. Soko lilipokuwa moja, viwanda vilitengeneza mamilioni ya simu zilezile, bei ikashuka, na nchi ambazo hazikuwa na kiwanda wala mhandisi wa GSM zikanunua vifaa vilivyokwisha kulipiwa gharama za utafiti na wanunuzi wa kwanza. Sijui sera nyingine ya mawasiliano iliyowanufaisha maskini kiasi hicho bila hata kuwakusudia.

Lakini hapohapo kwenye GSM ndipo upande wa pili una hoja yake nzuri kuliko zote, na watetezi huipita haraka. Marekani iliacha kampuni zichague zenyewe. Matokeo yalikuwa vurugu: mifumo kadhaa isiyoelewana, na simu ya kampuni moja isiyofanya kazi kwa nyingine. Katikati ya vurugu hiyo kampuni ya Kimarekani ya Qualcomm ilipata nafasi ya kujaribu sokoni mbinu ya CDMA, inayowaruhusu watumiaji wengi kushiriki masafa yaleyale kwa wakati mmoja, kila mmoja akitenganishwa kwa msimbo wake. Wahandisi wengi waliidharau. Hong Kong ikaizindua mwaka 1995 na Korea Kusini mwaka 1996, na ilipofika zamu ya 3G, kizazi cha tatu cha simu za mkononi, Ulaya yenyewe, nyumbani kwa GSM, ikajenga mfumo wake mpya juu ya msingi huohuo wa misimbo. Kama dunia nzima ingekubali GSM mwaka 1987, mbinu hiyo ingejaribiwa wapi? Uratibu husambaza vizuri kilichokwisha buniwa. Kukipata kipya ni kazi nyingine, na mara nyingi huifanya yule aliyekataa kupanga foleni.

Wi-Fi hutajwa kama ushahidi wa pili wa upande huo, nami siukubali wote. Ni kweli kwamba mwaka 1985 wadhibiti wa Marekani, peke yao, waliruhusu mawasiliano bila leseni katika bendi zilizodharauliwa, na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kikatoka mwaka 1997. Ila bendi ya gigahezi 2.4 ilikuwa imetengwa kwa mitambo ya viwandani, ya sayansi na ya tiba tangu mkutano wa Atlantic City wa 1947. Kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia ilikuwa na pengo lilelile mahali palepale, kifaa kimoja kiliweza kuuzwa karibu kila nchi. Ubunifu ulikuwa wa nchi moja, soko lilikuwa limeandaliwa na mkataba.

Kuna kundi lisilo na fedha za kununua masafa, na kwangu hilo ndilo linalopima mfumo huu kwa haki zaidi. Mvuke wa maji angani hutoa mnururisho hafifu karibu na gigahezi 23.8, na setilaiti za hali ya hewa huupima ili kutabiri mvua na dhoruba. Huwezi kumwomba mvuke ahame bendi. Mwaka 2019 Marekani ilinadi masafa ya jirani, ya gigahezi 24, kwa karibu dola bilioni 2, ikiwa na kikomo cha kelele cha desibeli-wati -20 kwa kila megahezi 200; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, kelele inabanwa zaidi. Wanasayansi wa hali ya hewa walitaka -55. Miezi michache baadaye, kwenye Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio uliotangulia ule wa Dubai, huko Sharm el-Sheikh, Misri, vituo vya simu vya bendi hiyo viliwekewa -33, kikomo kitakachokaza hadi -39 kwa vituo vitakavyoanza kutumika baada ya Septemba 2027. Desibeli si hesabu ya kujumlisha: kati ya -20 na -33 kelele inayoruhusiwa inapungua mara 20. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilitangaza wazi kwamba hakikuridhika, na nadhani kilikuwa na haki. Ila bila jedwali la kimataifa wanasayansi hao wangekuwa wapi kwenye mnada wa Marekani? Wasingekuwa hata na kibao cha kunyanyua.

Mahali ambapo mfumo unanitia shaka kweli ni angani. Kwa sehemu kubwa ya masafa ya setilaiti, anayewasilisha maombi mapema ndiye hupata kipaumbele, na kwa miongo mingi utaratibu huo umezaa setilaiti za kwenye karatasi, zinazoombewa nafasi bila kurushwa. Tonga, ufalme mdogo wa visiwa, iliishangaza dunia miaka ya 1980 kwa kuomba nafasi nyingi kwenye mzingo wa ikweta, ikikusudia kuzikodisha. Mwaka 2021 Rwanda iliwasilisha maombi ya setilaiti 327,320. Wapo waliocheka. Mimi naona nchi hizo zilisoma kanuni vizuri kuliko wakosoaji wao: kama haki hupatikana kwa kujaza fomu, mwenye fomu nyingi ana akili. Sharm el-Sheikh ilijaribu kuziba mwanya kwa kuwataka wenye makundi ya setilaiti kurusha asilimia 10 ndani ya miaka miwili baada ya muda wao wa awali kwisha, asilimia 50 ndani ya miaka mitano na zote ndani ya saba. Ni hatua nzuri, lakini inampa nafuu yule mwenye roketi zake mwenyewe.

Turudi kwenye chipu, maana hapo ndipo naona mjadala umepotea njia. Masafa hupangwa ITU, ambako kila nchi ina kura moja. Viwango vya simu, yaani jinsi kifaa kinavyozungumza juu ya masafa hayo na bendi zipi vifaa vitajengewa, huandikwa kwenye 3GPP, iliyoundwa mwaka 1998. Wabia wake ni mashirika saba ya viwango: mawili ya Japani, na moja moja ya Ulaya, Marekani, China, Korea Kusini na India. Afrika haina, Amerika Kusini haina. Kampuni ya popote inaweza kuingia kupitia mmoja wa wabia hao, lakini anayesikika ni yule anayemudu kupeleka wahandisi kwenye vikao mwaka mzima. Kampuni hizohizo humiliki hataza ambazo kila mtengenezaji wa simu hulipia mrabaha. Ukiidhoofisha ITU kwa madai kwamba ni ya polepole na ya kisiasa, na ni kweli ni vyote viwili, madaraka yake hayatarudi kwa mataifa madogo. Yatahamia kwenye chumba ambacho hayana kiti.

Kwa sababu hiyo nakubali kasi ya kobe ya Geneva, ingawa si kwa furaha. Na kuhusu gigahezi 6, yaani bendi ile ya 5925 hadi 7125, nchi ya Kanda ya 1 ambayo bado haijaamua haina haja ya kukimbilia upande wowote. Sehemu ya chini, hadi 6425, ifunguliwe kwa Wi-Fi sasa. Ulaya ilifanya hivyo tangu 2021 na vifaa vipo. Hoja ya watu wa Wi-Fi kwamba sehemu hiyo haitoshi ina uzito: megahezi 500 zinabeba chaneli moja tu pana ya megahezi 320 bila kugongana na nyingine, ilhali 1200 zinabeba tatu. Hata hivyo sehemu ya juu isinadiwe kabla ya kuonekana simu zinazoitumia zikiuzwa kwa bei ya kawaida, kwa maana kuifungua kwa Wi-Fi ni rahisi kuliko kuirudisha, na kuiuza ni vigumu zaidi kuitengua. Uingereza imependekeza pande zote mbili zishirikiane kwenye bendi moja. Inafaa kusubiri kuona kama hilo linawezekana nje ya maabara.

Mkutano ujao ni Shanghai mwaka 2027, na simu zimekwisha kuandikiwa bendi mpya za kuchunguzwa, ikiwemo ya megahezi 7125 hadi 8400, mlango wa pili wa nyumba ileile iliyogombaniwa Dubai. Mengi yatakayoamuliwa huko yanaandikwa sasa, kwenye vikundi vya utafiti na kwenye vikao vya maandalizi vya jumuiya sita za kikanda. Ujumbe wa watu watatu utakaofika Shanghai bila kushiriki vikao hivyo utakuta kilichobaki ni kuchagua tanbihi ya kuandikisha jina.