Mvuvi wa Lamu na mkopo wa siku 14

Kwa karibu miaka 20 sasa serikali ya Kenya imekuwa ikitafuta njia ya kumfikia mfanyabiashara mdogo. Hazina ya Vijana ilianza 2006, ya Wanawake 2007, Uwezo ikafuata baada ya uchaguzi wa 2013, na tarehe 30 Novemba 2022 Rais William Ruto akazindua Hazina ya Hasla, ambayo mtu hukopa kwa simu bila dhamana. Hapa Lamu riziki nyingi huanzia baharini, kwa hiyo naona tuupime msaada huo kwa kazi za watu wenyewe: mvuvi, mchuuzi, mama karanga (mkaanga samaki).

Hasla ipewe haki yake kwanza. Mkopo huanzia shilingi 500 hadi 50,000, wa kulipwa ndani ya siku 14, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Aliyekopa 1,000 akarudisha siku ya 14, riba yake ni kama shilingi 3. Asilimia 5 ya mkopo hukatwa na kuwekwa akiba kwa jina lake. Programu nyingi za mikopo ya simu haziukaribii unafuu huo. Na tukumbuke utafiti wa 2016 wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, uliokuta biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, zenye leseni zikiwa milioni 1.56 tu. Waliobaki, benki haina habari nao. Mama anayekaanga samaki mtaani Langoni hana hati ya kiwanja wala vitabu vya hesabu. Anachotaka ni mafuta na samaki wa asubuhi, na jioni pesa zimesharudi. Kwake siku 14 ni nyingi, na wanaoibeza hazina nzima humsahau yeye.

Mvuvi hesabu yake ni nyingine. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari imetulia na anatoka. Kusi ikiingia Aprili mawimbi hupanda, na wenye vyombo vidogo huvipandisha pwani kwa wiki nzima, pengine zaidi. Aliyekopa wiki ya kwanza ya kusi atadaiwa huku chombo kiko mchangani. Kisha kiasi chenyewe hakimfai. Anayeanza hupewa kidogo na kupandishiwa kadiri anavyolipa, lakini mashine mpya ya boti huuzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Jarife nalo, wavu mkubwa, halinunuliwi nusu.

Pengo hilo hujazwa na tajiri. Humpa mvuvi nyavu, petroli, na msimu mbaya ukifika humpa hata pesa za unga. Hatozi riba wala haweki tarehe. Badala yake samaki wote ni wake, kwa bei anayoipanga yeye. Deni la tajiri halina siku ya kulipwa, na ndiyo maana haliishi. Wengi humwita mnyonyaji na sitamtetea kwa bei zake. Ila anajua kungoja kusi ipite, na hazina zetu bado hazijajifunza hilo.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wa Nairobi hulipita haraka. Wakazi wengi wa Lamu ni Waislamu, na kwa mwenye kushika dini yake shilingi 3 za riba ni riba sawa na 3,000. Wapo wasiochukua mkopo wa serikali kwa sababu hiyo tu. Wanaopinga kubadilisha masharti wana hoja inayostahili jibu: hazina ya umma haiwezi kumtoza mkulima wa Mpeketoni riba na kumsamehe mvuvi wa Faza. Ni kweli. Lakini hakuna anayeomba msamaha. Hazina ya Uwezo tayari hukopesha vikundi bila riba, kwa ada ya usimamizi, na benki zinazofuata sharia ya Kiislamu zimefanya kazi Kenya tangu 2008. Katika murabaha mkopeshaji hununua nyavu zenyewe, kisha humuuzia mvuvi kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, alipe kwa awamu. Mpango huo ukifunguliwa kwa wote, mkulima wa Mpeketoni ataukimbilia pia, maana mahindi hayakomai kwa siku 14.

Wengine husema tuachane na mikopo, watu wapewe ruzuku. Mradi wa KEMFSED, wa kuendeleza uvuvi wa baharini na jamii za pwani, ulioanza 2020 kwa fedha za Benki ya Dunia, umefuata njia hiyo katika kaunti tano za Pwani, Lamu ikiwamo. Ruzuku haina riba wala mdai, na kikundi cha kina mama kikipata friza, samaki wao hawaozi tena wakingoja mnunuzi. Hofu yangu ni kikundi kinachoundwa kwa sababu fomu imetoka. Friza ikiharibika nani anatoa pesa ya fundi? Bili ya stima je? Tena mkopo ukirudi humfaa mtu wa pili na wa tatu. Ruzuku ikitoka imetoka.

Na pesa yoyote haisaidii kitu bahari ikifungwa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa muda mrefu. Kisha ikaja bandari mpya ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyowafika, na baadaye ikakubaliwa asilimia 65 iwe taslimu na 35 iwe vyombo na zana. Hiyo ni fidia ya kilichochukuliwa. Isihesabiwe kamwe kuwa msaada kwa biashara ndogo.

Kodi nayo imeongezeka. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo imepanda kutoka asilimia 1 hadi 3 kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka. Mchuuzi anayeuza samaki wa shilingi 3,000 kila siku anavuka kiwango hicho na kudaiwa karibu 33,000, hata kama faida yake ni ndogo na gharama ya barafu imeila.

Kwa maoni yangu Hasla ibaki kwa biashara za kila siku. Pesa za umma kwa upande wa bahari zianze na barafu na jeti (gati), Kizingitini, Faza na Kiunga, vitu vya wote ambavyo hakuna mkopo wa mtu mmoja utakaovijenga. Nyavu na mashine ziuzwe kwa murabaha, malipo yawe ya kaskazi. Najua hofu ya wahasibu, kwamba mdaiwa akiachwa miezi yote ya kusi atapotea. Lakini vikundi vya BMU, vile vya kusimamia fukwe, huandika samaki wanaoshushwa pwani. Madaftari hayo yanaweza kumwonyesha mkopeshaji, kabla hajatoa shilingi, chombo kipi kina uwezo wa kulipa na katika miezi gani.