Nani aliwaambia mteja wa Kariakoo ana kikapu?

Mkufunzi alikuwa na slaidi lukuki kuhusu mteja anayejaza kikapu kwenye tovuti kisha anaondoka bila kulipa. Namna ya kumkumbusha kwa barua pepe. Namna ya kumwandama kwa matangazo kila anapoingia mtandaoni. Hata rangi ya kitufe cha "lipa sasa" ilijadiliwa. Asubuhi nzima ilikwisha kwa huyo mtu, na ukumbini hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kumuuzia kitu.

Kozi ilitangazwa kuwa ya kitaalamu: masoko mtandaoni, wikiendi nne, cheti "cha kimataifa", laki tatu na nusu. Mimi nililipiwa na ofisi, kwa hiyo ningeweza kunywa chai yao, nikala sambusa zao, nikanyamaza. Jirani yangu wa kiti anauza mawigi Instagram akiwa chumbani kwake Tabata, na ada aliilipa kwa mkopo wa kikoba. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi sina tovuti. Wateja wangu wanakuja WhatsApp, wengine wananipigia. Nitajuaje ni tangazo gani limewaleta?"

"Dada, hiyo tutaigusa mbele."

Mbele hatukufika.

Jamani, biashara ya hapa si tunaijua? Mtu anaona picha ya wigi, anaandika "bei?" Anajibiwa "njoo inbox" (hili la kuficha bei nitaliandikia siku yake, nina hasira nalo za muda mrefu). Anakuja WhatsApp, anauliza mko wapi, anataka picha halisi, siyo ya Wachina, anataka na video, kisha mwisho ngapi. Anapotea. Anarudi saa tano usiku: "Bado ipo?" Delivari Mbagala shilingi ngapi? Nikishaliona ndiyo nilipe? Boda anatumwa, mteja analishika, analigeuzageuza, anatuma M-Pesa au anasema rangi aliyoiona siyo hii. Kikapu kiko wapi hapo? Mauzo yote yamepita mahali ambapo kile kifuatiliaji tulichofundishwa kukipandikiza kwenye tovuti hakioni kitu.

Na hapo ndipo taaluma ingeanza, maana swali la yule dada lina majibu, na yanafundishika. Tangazo linalompeleka mtu WhatsApp unaweza kuliandalia mapema ujumbe wa mteja: akibofya hili linamwandikia "Habari, nimeona wigi fupi", lile linamwandikia "Nimeona ofa ya Ijumaa". Ujumbe ukiingia tu, unajua mtu katokea wapi. WhatsApp Business, ile ya wafanyabiashara, ipo tangu 2018 na ina lebo, unaweza kuzipa majina unayotaka: kauliza bei, anasubiri mshahara, kalipa, karudisha mzigo. Anayepiga simu unamuuliza kakuona wapi, unaandika kwenye kaunta buku. Haya mambo hayahitaji Kiingereza wala kompyuta ya milioni mbili. Yanahitaji mtu aliyewahi kuuza.

Halafu ije hesabu. Tuseme umelipia tangazo 30,000. Wamekuja watu 60, wamenunua 9, kila wigi lina faida ya 15,000. Hiyo ni 135,000. Toa tangazo, 105,000, unaanza kutabasamu. Lakini kuna watatu walioukataa mzigo mlangoni, na boda wa kwenda na kurudi ni 10,000 kwa kila mmoja. Sasa una 75,000. Toa bando. Toa na usiku mzima wa kujibu "mwisho ngapi" kwa watu 51 ambao hawakununua. Kazi ya masoko iko humo ndani: je, nibadilishe picha ili rangi isimshangaze mtu mlangoni? Niweke bei hadharani ili asiye nayo asinimalizie bando? Niombe nauli ya boda itangulie? Kila jibu lina gharama yake, na kila jibu unaweza kulijaribu kwa elfu kumi ukaona matokeo ndani ya wiki.

Darasani kwetu hakuna aliyetumia hata shilingi mia kwenye tangazo. Wikiendi nne! Tulichora "mteja wetu wa kufikirika", tukampa jina, umri na anachopenda kula, tukapigiwa makofi. Fundi cherehani hapewi cheti bila kukata kitambaa.

Yapo na mengine, ila sitaki kuyapa nafasi kubwa. Slaidi za Google Analytics, chombo cha kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti, zilionyesha toleo lililoacha kupokea takwimu Julai 2023. Tukaambiwa pia kwamba Facebook "inamwona mteja popote alipo". Hivi tangu Aprili 2021 si Apple wanamuuliza mwenye iPhone kama anakubali kufuatiliwa? Meta wenyewe, wenye hiyo Facebook, walisema jambo hilo lingewapunguzia mapato ya kama dola bilioni 10 kwa mwaka 2022. Wenye mali wanalia, sisi Sinza tunaambiwa inaona kila kitu.

Na zawadi ya kufungia kozi ilikuwa nini? Faili la maelfu ya namba za simu, "mkawatumie ofa zenu". Namba za nani? Zimetoka wapi? Wenyewe wanajua? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na ina Tume yake kabisa. Somo pekee lililogusa sheria lilikuwa hilo la kutuonyesha namna ya kuivunja, tena kwa tabasamu.

Haya, haki yao niwape. Somo la maneno ambayo watu huyatafuta Google lilikuwa zuri, na mkufunzi wa siku ile alikuwa anajua anachokisema. Ilifika mchana kila mtu ameshaweka biashara yake kwenye ramani ya Google, yenye picha na saa za kufungua. Cheti nacho, nitake nisitake, kuna maofisa ajira wanaokiangalia kabla ya kuangalia sura yako.

Lakini somo zuri namna hiyo lipo bure. Google walitangaza mwaka 2017 kwamba wangefundisha Waafrika milioni 10 ujuzi wa kidijitali kwa miaka mitano. Meta wana masomo ya bure ya Blueprint, HubSpot, kampuni ya programu za masoko, nao wanayo, tena na cheti juu. Ukiwa na bando na subira, vitufe vyote vya dunia utavijua pasipo kumlipa mtu. Kitu pekee ambacho hao hawawezi kukupa ni mwalimu anayeijua Tabata. Ada ya laki tatu na nusu inalipia hicho. Ukinisomea tafsiri ya kozi ya bure, umeniuzia nini?

Kuhusu "kimataifa", sina mengi. Vyeti vya kweli vya namna hiyo vipo: Chartered Institute of Marketing ya Uingereza wana mitihani, na Digital Marketing Institute ya Dublin nao wana yao. Mtihani unaufanya, unaweza kufeli. Changu kina bendera sita na muhuri wa dhahabu, na hapakuwa na swali hata moja la kujibu. Kama chuo kinajinadi kuwa kinatambulika, nenda kwenye orodha ya NACTVET, baraza la serikali la elimu ya ufundi, ukitafute kabla ya kutuma hela.

Kozi ninayoitaka mimi siku ya kwanza ingechukua elfu hamsini kwenye ada ya kila mwanafunzi na kumrudishia kama bajeti ya tangazo. Huna biashara, unapewa duka la mtu wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kila wiki unasimama mbele ya wenzako unasema umetumia kiasi gani, wamekuja wangapi, wamenunua wangapi, wangapi wamekataa mlangoni. Na mkufunzi aanze yeye: afungue akaunti yake ya matangazo mbele ya darasa, pamoja na yale yaliyomtia hasara. Kama yupo anayefundisha hivyo hapa Dar, aniandikie. Nitalipa mwenyewe safari hii, na nitamlipia dada wa mawigi.